Koliflawa ya Konyo Konyo

Mgeni aingiaye soko la Konyo Konyo, mjini Juba, hukutana kwanza na mboga zilizosafiri. Nyanya, vitunguu na kabichi nyingi hupakiwa Uganda, zikavuka mpaka Nimule, kisha zikafuata kilomita 192 za barabara iliyotiwa lami mwaka 2012. Koliflawa nayo, ukiiona hapo, yaelekea imepita njia hiyo hiyo, na ua lake limekwisha ingia madoa. Lori likikwama siku mbili, mboga huoza na bei hupanda. Ndipo mke wa askari hujiuliza: mbona nisiipande uani kwangu?

Jibu limo katika hewa. Koliflawa na brokoli ni ndugu wa kabichi, nazo hufunga vizuri penye ubaridi wa nyuzi 15 hadi 20. Juba ni mita 550 tu juu ya bahari, na mwezi wa Machi joto la mchana hupita nyuzi 35. Koliflawa iliyopandwa wakati huo hutoa ua dogo kama kifungo, au ua lililoachana, lenye majani yachomozayo katikati. Familia iishiyo milimani, kama Gilo kule Imatong, ina nafasi njema zaidi.

Wa Juba atafute mbegu za aina zivumiliazo joto. Azisie kitaluni, penye kivuli, mwishoni mwa Mei. Mwezi mmoja baadaye ahamishe miche, sentimita 50 kati ya mmoja na mwingine, ili maua yafunge wakati mvua imepoza hewa. Tuta liinuliwe maji yasituame, na samadi iwe imeoza sawasawa. Viwavi wa kijani hujificha chini ya majani. Watolewe kwa mkono kila asubuhi. Ua la koliflawa likifikia ukubwa wa yai, majani ya nje yafungwe juu yake, maana jua huligeuza manjano. Brokoli haifunikwi. Hukatwa kabla vitumba havijafunguka, nayo huchipua vichwa vingine ubavuni, ilhali koliflawa huzaa mara moja tu. Mwenye ua mdogo ningemshauri aanze na brokoli.

Na lisiwe zaidi ya tuta moja. Hatua chache kutoka kwenye malori, akina mama huuza bamia, rigla na khudra, ambayo ni mlenda wetu. Kisiwa cha Gondokoro, ng'ambo ya maji, hulisha mji mboga za namna hiyo, wala hazingoji habari za Nimule.