Mkubwa ni Jalala

Mwaka 1983 nilikuwa mwanagenzi katika kibanda cha fundi redio, Ngamiani, Tanga. Vipuri vilikuwa adimu nchi nzima. Rezista tulizing'oa kwenye redio zilizokufa, tukazipima moja moja na kuzitia kwenye makopo ya maziwa kwa thamani zake. Rangi nilikuwa nimezihifadhi: bluu, kijivu, kahawia ni omu 680, kahawia, kijani, kahawia ni 150.

Siku moja mama mmoja muuza vitumbua akaleta redio kaseti yake. Rezista ya omu 820, ya nusu wati, ilikuwa imeungua. Katika makopo yetu haikuwemo, na zilizokuwemo zote zilikuwa ndogo, za robo wati. Mzee, fundi wangu, hakuwepo. Nikachukua ya 680 na ya 150, nikaziunga mfululizo, mguu kwa mguu, nikalehemu. Umeme ukishapita ya kwanza hauna njia ila kupita na ya pili, kwa hiyo ukinzani wa zote mbili hujumlishwa: 830. Rezista yenye mstari wa dhahabu huruhusiwa kuzidi au kupungua kwa asilimia 5. Ile ya 820 ingeweza kuwa popote kati ya 779 na 861. Hesabu yangu ilikuwa safi. Redio ikaimba, mama akalipa, akaenda zake.

Mwezi haukuisha, akarudi nayo. "Mwanangu, inanuka."

Nilipoifungua nilikuta ile ya 680 imekuwa nyeusi, rangi hazisomeki tena. Mwenzake wa 150 alikuwa mzima, kama katoka dukani jana.

Mzee hakunigombeza. Alinitaka nitie nyingine ya 680, niwashe na kupima.

"Mkondo?"

"Miliampia 22, Mzee."

"Kwenye ipi?"

"Zote mbili. Ni ule ule."

"Na volti?"

Kubwa ilikuwa na volti 15, ndogo 3.3. Akanipa kipande cha karatasi nizidishe. Nikapata wati 0.33 juu ya rezista iliyotengenezwa kubeba 0.25. Ndogo ilibeba 0.07 tu.

"Omu umezijumlisha vizuri," akasema, "ila hukuuliza joto atalibeba nani. Mkondo ni mmoja, na kila mmoja hubeba kwa ukubwa wake. Mkubwa ni jalala, mwanangu."

Tukachomoa zote. Safari hii tukaunga tatu: 390, 390 na 39. Jumla 819. Kila moja ya zile kubwa ikashika volti 8.6 na kubeba wati 0.19. Tuliiacha redio ikilia nusu saa, tukazima, akaushika mkono wangu na kunigusisha kidole kwenye rezista. Ilikuwa ya uvuguvugu, kama kikombe cha chai kilichosahauliwa. Yule mama hakutozwa hata senti.

Mwaka 1996, Mzee akiwa amekwisha kutangulia mbele ya haki, mtoto wa yule mama aliniletea redio ile ile, mpira wa kuzungushia kaseti umelegea. Kabla ya kuugusa huo mpira nilitafuta kwanza zile tatu. Chungwa, nyeupe, kahawia. Chungwa, nyeupe, kahawia. Chungwa, nyeupe, nyeusi. Zote zilikuwa zinasomeka.