Kusuka Mawimbi: Tafakuri juu ya Istilahi Moja ya Uhandisi

Wapo wanaoshikilia kuwa Kiswahili kikifikia sayansi za juu hukwama kwa uhaba wa istilahi. Dai hilo nimelisikia mara nyingi katika kumbi za mihadhara hapa Njoro, lakini sikupata nafasi ya kulipima hadi binamu yangu, ambaye anasomea uhandisi wa mawasiliano, aliponiomba nimfasirie ikisiri ya mradi wake. Nia yake haikuwa kumridhisha mhadhiri. Mama yake mzazi, shangazi yangu, ni mkulima wa viazi huko Elburgon. Amemlipia karo miaka minne na angali hajui mwanawe anasomea nini hasa.

Mradi wenyewe wahusu minara ya rununu yenye antena nyingi. Msomaji aliyewahi kusimama katika kituo cha matatu mjini Nakuru anajua jinsi mautingo wa Molo, wa Njoro na wa Subukia wanavyopaza sauti kwa pamoja, hata abiria asitambue aitwaye ni nani. Mnara nao huwahudumia watu wengi kwa masafa yale yale na kwa wakati ule ule. Kwanza hupima njia ya mawimbi kwa ishara maalumu itumwayo na kila simu. Kisha kila antena hupangiwa nguvu yake na kiasi chake cha kutangulia au kuchelewa, ili mawimbi yajengane pale alipo mwenye ujumbe na yafutane pale alipo jirani yake, mithili ya viwimbi vya mawe mawili yaliyotupwa ziwani. Mpango huo hukamilika kabla mawimbi hayajaondoka mnarani.

Tuuiteje? Tukilifuata jina la Kiingereza neno kwa neno tutapata "usimbaji tangulizi". Nililikataa. Usimbaji hutupeleka kwenye siri na ufunguo wake, ilhali hapa hapana kinachofichwa. Nikapendekeza "usukaji": nyuzi nyingi, mkono mmoja, na umbo lionekanalo pale tu nyuzi zinapokutana. Wahandisi wenyewe hawaogopi sitiari. Mwaka 1983 Max Costa alichapisha makala ambayo anwani yake, kwa tafsiri yangu, ni "Kuandika juu ya Karatasi Chafu". Alithibitisha kwamba mwandishi akiyajua madoa ya karatasi mapema, madoa hayo hayapunguzi kiasi cha ujumbe kiwezacho kufika, hata kama msomaji hayajui. (Wahakiki wetu wa fasihi wangelifurahia jambo hilo, lau lingewafikia.)

Tatizo ni hesabu. Mojawapo ya kanuni zilizozoeleka hudai kutafuta kinyume cha matriki, na idadi ya watumiaji ikiongezeka maradufu, kazi hiyo huongezeka takriban mara 8. Kanuni bora zaidi hurudia hesabu duru baada ya duru. Nao muda haupo. Matatu iendayo kilomita 80 kwa saa husogea kama sentimita 4 katika milisekunde 2, umbali unaokaribia nusu ya wimbi la gigahezi 3.5, masafa yatumiwayo na mitandao mingi ya 5G duniani. Usukaji uliomfaa abiria punde hiyo haumfai tena.

Hapa ndipo ujifunzaji wa mashine unapoingia. Tarakilishi huonyeshwa maelfu ya maswali pamoja na majibu yaliyokokotolewa polepole, na mtandao wa neva hujirekebisha hadi uweze kulikaribia jibu kwa hatua chache za kuzidisha na kujumlisha. Mwaka 2018 Haoran Sun na wenzake walichapisha utafiti wa namna hiyo kuhusu ugawaji wa nguvu za mawimbi miongoni mwa watumiaji wanaoingiliana. Wengine wameipeleka njia hiyo kwenye usukaji wenyewe. Wahandisi huita huku kurahisisha. Kwa maoni yangu neno hilo lina hila kidogo, maana jasho halikuondolewa, limetangulizwa tu.

Nilipomsomea shangazi rasimu yangu, alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Na hiyo mashine, mwanangu, ilifunzwa kwa milima ya wapi?" Binamu alinyamaza kitambo. Mifano yake ilitoka katika programu ya kuigiza mawimbi, iliyobuni mji tambarare wenye maghorofa. Mtandao uliofunzwa hivyo waweza kupotoka ukiletwa penye kuta za Menengai, miinuko ya Mau na misitu ya Elburgon, ambako mawimbi hugonga na kurudi kwa namna nyingine. Kanuni ya zamani, pamoja na uzito wake wote, haijali mlima ni wa wapi mradi njia zimepimwa.

Binamu ameongeza sura nzima kuhusu kuufunza mtandao kwa mara ya pili, kwa vipimo vichache atakavyovichukua mwenyewe kati ya Njoro na Elburgon. Kitendo hicho nacho chahitaji jina. Yeye ameandika "kufunza upya". Mimi naegemea "kunoa", kwani jembe likinolewa hubaki lile lile. Shangazi hajatoa uamuzi, na wahadhiri wasomao ukurasa huu huenda wana neno la tatu.