Safu ya Makato

Kwa zaidi ya miaka thelathini nilikuwa mhasibu wa mishahara katika halmashauri moja ya wilaya kusini mwa Tanzania, na nadhani niliyajua maisha ya walimu wetu kuliko mapadri na mashehe wao. Sikuwa na haja ya kuuliza. Nilikuwa nasoma safu ya makato.

Kijana aliyeajiriwa juzi, safu yake haina kitu: kodi, mfuko wa pensheni, chama cha wafanyakazi, basi. Ukipita muda kidogo linaingia kato la Saccos. Hapo kuna pikipiki au harusi. Akikaribia arobaini unaingia mkopo wa benki, ujue kapata kiwanja na anatafuta mabati. Mkopo huo ndio hauishi tena, maana kabla ya kumalizika anauongezea mwingine juu yake. Akifika hamsini ana mtoto chuo kikuu na mwingine darasa la tano, kwa kuwa wanaume wetu hawaachi kuzaa kwa sababu ya kalenda ya utumishi.

Utaratibu ulitutaka tumwachie mtumishi angalau theluthi moja ya mshahara. Niliilinda theluthi hiyo hadi nikachukiwa. Ila kadi ya benki sikuwa na uwezo wa kuilinda. Mwalimu anatoka ofisini kwangu na theluthi yake salama, kumbe kadi na namba ya siri viko kwa mkopeshaji wa mtaani, hao tunaowaita kausha damu. Mshahara ukitoka, mkopeshaji ndiye anayesimama kwenye foleni ya mashine na lundo la kadi za watu.

Nilipoanza kazi, miaka ya themanini, mishahara ililipwa taslimu. Walimu wa vijiji vya mbali walikuja mjini, wakalala kwa ndugu, wakasubiri majina yaitwe. Wakati huo mtumishi wa Serikali hakuchangia pensheni yake. Serikali ndiyo iliyoibeba. Mwaka 1999 ukaundwa mfuko wa PSPF, mtumishi akakatwa asilimia 5 na mwajiri akaweka 15. Siku zile nilijiwa juu kana kwamba fedha zinaingia mkobani mwangu. Mwalimu mkuu mmoja, mtu mzima wa heshima, alikuja na hati yake ya mshahara mkononi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hiki ni nini tena?"

"Ni mchango wa uzeeni, mwalimu."

"Uzee ninao tayari. Nipe hela yangu."

Mimi nilijenga kwa upatu. Tulikuwa wanawake wa ofisi ile, wahudumu na makarani, na zamu yangu ikifika nilinunua vitu kabla sijafika nyumbani, kwa sababu fedha ikilala ndani mwangu ilipata wenyewe wengi. Mwaka huu mifuko ya saruji, mwaka ujao mbao. Niliihamia nyumba haina dari wala milango ya ndani, na watoto walikuwa bado wadogo. Wenzangu walinicheka kwa kuishi kwenye gofu. Mwaka 2005 UTT, taasisi ya uwekezaji wa pamoja, ilipoanza kuuza vipande vya Mfuko wa Umoja, nikawa naweka kidogo kidogo huko. Vipande hivyo ndivyo vilivyokuja kumlipia mwanangu wa mwisho ada ya chuo cha uuguzi. Sikuwa na mshahara mkubwa kuliko walimu. Nilikuwa nimeona safu nyingi tu.

Kisha likaja neno kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya mstaafu. Mwaka 2018 mifuko ya PSPF, PPF, LAPF na GEPF iliunganishwa ikawa PSSSF, na kanuni za mwaka huo zikashusha mkupuo, yaani sehemu ya mafao anayolipwa mstaafu kwa mara moja, hadi asilimia 25. Kelele zilikuwa kubwa. Desemba Rais Magufuli akaagiza hesabu ya zamani iendelee. Julai 2022 ikaja asilimia 33, na mwaka 2024 ikapandishwa kuwa 40.

Nilizipiga hesabu hizo kwenye karatasi kwa kila aliyeomba. Chukua mwalimu wa miaka 30 kazini, mshahara wa shilingi 1,200,000 ambao tuseme haukubadilika miaka ya mwisho. Kwa kanuni ya zamani alipata mkupuo wa 74,400,000 na pensheni ya 400,000 kwa mwezi. Kwa ile ya Julai 2022, mkupuo ulikuwa karibu 37,000,000 na pensheni karibu 499,000. Nyongeza hiyo ya mwezi inahitaji zaidi ya miaka 31 kuifidia fedha iliyopungua, yaani mstaafu wa miaka 60 afike 91. Kwa hiyo walimu walipolalamika, kihesabu walikuwa sahihi, nami sikuwabishia.

Nilichokuwa nakijua zaidi yao ni kwamba mkupuo ule ulikwisha kabla haujatoka. Benki ina sehemu yake, fundi wa paa ana yake, ada ya mtoto ipo, na kuna mpwa anayetaka bodaboda. Mtu alipiga kelele juu ya asilimia kwa sababu nyumba aliyoshindwa kuijenga na mshahara aliisogeza hadi siku ya kustaafu. Ukitaka kujua kama kikokotoo kitamuumiza mtu, usimwangalie akiwa na 59. Angalia safu yake alipokuwa na 40.

Mimi niliondoka miezi michache kabla ya Julai 2022, nikalipwa kwa kanuni ya zamani. Mwenzangu tuliyekaa meza moja aliondoka mwaka uliofuata. Vyeo vyetu vilikuwa sawa, mishahara ikikaribiana. Tukikutana hatuachi kulinganisha. Mimi, nikiwa na nyumba tayari, fedha nyingi niliipeleka kwenye hati fungani, na ningefurahi kuwa na pensheni yake ya kila mwezi. Yeye anautamani mkupuo wangu, maana wake umeezeka upande mmoja tu wa nyumba. Amehamia humo na mkewe. Upande wa pili anaujenga kwa pensheni, mfuko wa saruji mmoja mmoja, na juzi aliniuliza kama upatu wetu wa zamani bado unapokea watu.