Wino na Masizi

Bibi alikuja Dar es Salaam mwaka 1997, nikiwa na miaka tisa. Daraja la Mkapa lilikuwa bado halijafunguliwa, Rufiji inavukwa kwa pantoni, na masika yakikolea basi la kutoka Lindi liliweza kulala njiani. Aliteremka stendi na vumbi hadi kwenye kope, khanga mbili mwilini, kapu la korosho mkononi. Juu ya hayo yote alikuwa na ule uso: mistari ya rangi kati ya bluu na nyeusi, pembe juu ya pembe kwenye paji na mashavuni, na tundu kwenye mdomo wa juu palipokaa ndonya zamani. Mpiga debe mmoja akawaita wenzake waje waone.

"Mshike bibi yako mkono," Mama aliniambia.

Nikajifanya sikusikia. Nikachukua kapu, nikatangulia.

Bibi alizaliwa Mueda, kwenye uwanda wa juu wa Wamakonde wa Msumbiji, akachanjwa nembo akiwa msichana, miaka ya 1940. Babu alipovuka Ruvuma kuja kukata mkonge, walivuka pamoja. Mama alizaliwa upande huu mwaka 1961, akapelekwa shule, na hakuna aliyemgusa kwa kisu. Hata kule ng'ambo desturi ilikuwa inakatika, kwani FRELIMO iliyoanza vita vya ukombozi mwaka 1964 haikupenda alama za kutenganisha kabila na kabila. Kwa hiyo nyumbani kwetu nembo zilianzia na kuishia kwa mtu mmoja, na mimi niliona ni heri.

Mwaka 2011, nikiwa na miaka ishirini na tatu na mshahara wa kwanza mfukoni, nikataka tatuu. Nilikwenda saluni moja ya Kinondoni, chumba cha nyuma, kijana mpole akanipa albamu. Nge. Waridi lenye miiba. Kipepeo. Moyo wenye utepe wa kuandikia jina. Herufi za Kichina ambazo yeye mwenyewe hakuweza kuzisoma.

"Nataka ya peke yangu," nikamwambia. "Ambayo hana mtu mwingine."

"Kila anayeingia hapa husema hivyo, dada. Halafu anaondoka na kipepeo."

Hakuwa na haraka ya hela. Alinieleza kwamba wino hautulii palepale ulipowekwa. Miaka ikipita hutanda kidogo, na vistari vyembamba vilivyobanana huishia kuwa doa. Ngozi nyeusi kama yangu, alisema, inapendeza na mstari mweusi, mnene, wenye nafasi ya kupumua, kwa sababu rangi hafifu humezwa. Akauliza kama vidonda vyangu hupona kwa kovu la kuvimba, maana hapo angekataa kabisa. Mwisho akanipa kazi ya kufanya nyumbani: nichore ninachotaka mkononi kwa kalamu, kila kikifutika nichore tena, kwa mwezi mzima. "Ukikichoka kabla ya mwezi, ungekichoka na baada yake."

Ramani ya Afrika niliichoka siku ya nne. Jina la mchumba lilifika wiki mbili, na mchumba mwenyewe hakufika tatu. Nikajaribu ndege, nanga, jicho. Kila nilichochora kilifanana na kitu nilichokwisha kukiona kwenye mkono wa mtu ndani ya daladala.

Mwezi ukielekea kwisha, nikapita Mwenge kwa wachonga vinyago kumtafutia mfanyakazi mwenzetu zawadi ya kuagwa. Fundi mmoja alikuwa anasugua kichwa cha mpingo kwa kiwi ya viatu. Kwenye mashavu ya kile kichwa kulikuwa na pembe juu ya pembe. Nilisimama. Watalii walikuwa wanapatana bei ya uso wa bibi yangu, na mimi nilikuwa nimehangaika mwezi mzima kutafuta mchoro.

Nikapanda basi la Lindi.

Njiani nilijitungia mambo makubwa. Niliamini kila pembe ina siri: ukoo, mlima, wahenga, labda dua. Nilibeba daftari. Bibi alikuwa ukumbini anabangua korosho, vidole vimeiva kwa utomvu wake.

"Karibu mke mwenzangu," akasema. "Mume wetu alifariki, umechelewa."

Jioni nikamuuliza: hizi pembe maana yake nini?

Akanitazama kama niliyeuliza maana ya hereni. "Zilipendeza."

"Zilipendeza tu, Bibi?"

"Rafiki yangu alichanjwa, akarudi kisimani anatembea kama malkia. Na mimi nikataka."

Akanieleza ilivyokuwa. Fundi alikata kwa kisu kidogo, kisha akasugua kwenye damu masizi ya mbegu za mbarika. Uso ukavimba akashindwa kula. Ilipopona, mistari ikawa imefifia, akarudi akakatwa tena, na tena, mara tatu, hadi rangi ikakubali. Kulia ilikuwa aibu. Nilipouliza za tumboni, akacheka hadi akakohoa. "Za tumboni zilikuwa za babu yako. Hizo huandiki."

Nilifunga daftari, nimepungukiwa. Nilikuja kutafuta wahenga nikapewa wasichana wawili wanaooneana wivu kisimani. Ndipo akaongeza, kama mtu anayekumbuka kuzima jiko:

"Lakini sikutaka kufanana naye. Zake zilitazama chini. Nikamwambia fundi azigeuze zangu, zitazame juu."

Nikamwangalia upya. Miaka kumi na minne nilikuwa nimeuona ule uso kama kitu alichofanyiwa, muhuri wa kabila uliopigwa juu ya mtoto asiyeulizwa. Kumbe alisimama mbele ya fundi na kusema yale yale niliyoyasema mimi Kinondoni. Tofauti ni kwamba hakuanzia hewani. Alichukua mchoro ambao kila mtu kijijini aliujua, akaugeuza.

Niliporudi mjini nilimpelekea kijana pembe tatu. Hazikutazama chini kama za yule rafiki, wala juu kama za Bibi. Nilizilaza kwenye mkono wa kushoto, zielekee kiganjani. Alifungua sindano mpya mbele yangu, akafanya kazi kama saa moja. Kwenye ya tatu nilishtuka, mkono ukacheza.

Mama hakusema nami siku mbili. Siku ya tatu alinikumbusha kwamba matangazo ya ajira za polisi humtaka mtu asiye na mchoro mwilini. Sikuwahi kutaka upolisi, naye alijua. Nadhani alikuwa anasema jambo jingine: kwamba yeye ndiye pekee kati yetu watatu aliyeachwa mtupu, na kwamba yeye pia hakuulizwa.

Krismasi nilikwenda Lindi na mkono uliokwisha kupona. Bibi alilamba kidole akasugua ahakikishe haitoki. Akauliza bei. Nilipomwambia shilingi elfu arobaini, akasema fundi wake alichukua kuku, tena mtetea asiyetaga. Kisha akausogeza mkono wangu karibu na macho yake yaliyoanza ukungu.

"Hii ya tatu imepinda."

"Nilishtuka, Bibi."

Akanishika kidole cha shahada, akakipeleka shavuni kwake, chini kidogo ya jicho, hadi kwenye pembe moja iliyo fupi kuliko dada zake. Ilikuwa imeinuka chini ya kidole changu, laini kama mshono wa zamani. Sikuwahi kuigusa.

"Na mimi," akasema.