Jiko la kuni kwenye theluji ya Maine

Kuanzia Novemba, jua la Lewiston huzama kabla ya saa 11 jioni. Basi la njano la shule linaposhusha watoto, taa za barabarani zinaanza kuwaka, na maporomoko ya Mto Androscoggin yananguruma karibu na viwanda vya zamani vya nguo, vilivyojengwa kwa matofali mekundu.

Mji huu uko jimbo la Maine, kaskazini mashariki mwa Marekani. Zamani viwanda vyake vilijaa wafanyakazi waliotoka Quebec, Canada. Miaka ya karibuni wamefika Wasomali, kisha Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Waangola. Kwenye foleni ya dukani, Kiswahili si lugha ngeni tena.

Miongoni mwa waliofika ni familia moja ya Kikongo: baba, mama, bibi mzaa mama na watoto watatu. Waliishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, mkoani Kigoma. Baada ya kuhangaika na nyumba za kupanga, walinunua nyumba ya mbao nje kidogo ya mji, iliyojengwa miaka ya 1980.

Kilichomvutia mama siku ya kwanza ni meko ya ukutani pale sebuleni.

“Hapa ndipo tutakapokaa wote,” alisema.

Moto wa kutazama

Baridi ilipoanza, waliwasha. Sebule ilipendeza, lakini vyumba vya watoto vilizidi kuwa baridi. Moto wa wazi huvuta hewa ya ndani iliyokwisha kupata joto na kuipandisha juu kwenye dohani. Nafasi yake huchukuliwa na hewa baridi inayopenya kwenye nyufa za milango na madirisha.

Bibi ndiye aliyegundua kwanza.

“Mwanangu, huu ni moto wa kutazama, si wa kuota,” alimwambia binti yake.

Nyumba nyingi za Maine hupashwa joto kwa mafuta, na kila tangi lilipojazwa, bajeti ya familia iliyumba. Baba akapata wazo: anunue jiko la kuni la chuma lililotumika, aliingize kwenye meko yale na kuunganisha bomba lake na dohani iliyokuwapo. Alimwita fundi wa dohani amsaidie. Fundi akakataa.

Alimweleza kuwa yale hayakuwa meko ya matofali. Lilikuwa sanduku la bati lililotengenezwa kiwandani, likapachikwa kwenye ukuta wa mbao na kupambwa kwa vigae vinavyofanana na matofali. Meko ya aina hiyo yalienea katika nyumba za Marekani kuanzia miaka ya 1970, kwa sababu ni mepesi na ni rahisi kuliko kujenga kwa mawe.

Dohani yake ni mabomba membamba yaliyopangwa moja ndani ya jingine, hewa ikipita katikati kuyapoza. Imepimwa kwa sanduku lake tu, kwa moto wa jioni mojamoja. Jiko la chuma huwaka usiku kucha. Masizi yaliyoganda kama lami ndani ya dohani yakishika moto, joto linaweza kupita nyuzi 1,000. Bomba lile lisingehimili.

Kilichokuwa nyuma ya ukuta

Siku ya kubomoa, sanduku lilitoka likiwa limeliwa na kutu. Nyuma yake, nguzo mbili za mbao zilikuwa zimebadilika rangi, nyeusi upande uliotazama moto. Fundi alieleza kuwa mbao ikiokwa kidogokidogo kwa miaka mingi, hufika mahali ikashika moto kwa joto dogo kuliko mbao mpya.

Mama aliziangalia nguzo zile, kisha akainua macho darini. Juu ya ukuta huo ndipo wanapolala watoto wake wawili wadogo.

Kazi ilichukua siku kadhaa. Kibali kilitoka ofisi ya mji na kampuni ya bima ikaarifiwa. Mbao zilizoungua ziliondolewa. Sakafu chini ya jiko na mbele yake ikawekwa vigae visivyoshika moto. Dohani mpya ilikuwa ya chuma kisichoshika kutu, yenye kuta mbili na kizuia joto katikati. Juu ya paa ilipandishwa angalau sentimita 90, na kuzidi kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita tatu, ili upepo usirudishe moshi ndani. Mkaguzi alikuja na futi yake, akapima kila nafasi kabla moto wa kwanza haujawashwa.

Gharama ilikuwa maelfu ya dola, fedha zilizokuwa zimewekwa kwa ajili ya gari la pili. Baba na mama wakaendelea kupokezana gari moja, mmoja akienda zamu ya usiku, mwingine ya mchana.

Bibi na kuni

Karibu asilimia 90 ya Maine ni misitu, hivyo kuni si shida. Shida ni kuni kavu. Muuzaji alileta shehena akisema imekauka. Bibi akaokota vipande viwili, akavigonganisha.

“Baba, hizi zimekatwa juzi,” alimwambia mkwewe. “Kavu hulia. Hizi zimenyamaza.”

Baba alizipima kwa kifaa kidogo. Unyevu ulizidi asilimia 30, wakati kuni za jiko zinatakiwa kuwa chini ya 20.

“Mama, umenishinda,” alisema.

Nyarugusu, bibi alitembea mbali kutafuta kuni na kila kijiti kilihesabiwa. Alijua kuni mbichi hutoa moshi badala ya joto. Huku Maine moshi huo ndio unaojenga masizi ya hatari kwenye dohani. Shehena ile ilipangwa nje, ikafunikwa juu na kuachwa wazi pembeni ili upepo upite, isubiri mwaka unaofuata. Wakanunua nyingine iliyokaushwa.

Sheria za nyumba

Jiko limezungushiwa uzio wa chuma uliofungwa ukutani, kwa sababu mtoto mdogo ana miaka miwili. Majivu hutiwa kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko na kuwekwa nje, mbali na ukuta, maana kaa hukaa hai kwa siku kadhaa. Takataka, plastiki na mbao zenye rangi haziingii humo. Kila ghorofa ina king'ora cha moshi na cha kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu.

Gesi hiyo ndiyo inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Mzazi wa Makete, Njombe au Lushoto hana theluji, lakini ana usiku wa baridi. Mkaa usiotoa moshi bado unatoa sumu, na jiko lisilo na dohani halifai kuingizwa chumba cha kulala, hata kwa dakika chache.

Januari, dhoruba ilikata umeme. Mashine ya mafuta ikanyamaza, kwani nayo hutegemea umeme. Wazee wa Maine bado husimulia dhoruba ya barafu ya Januari 1998, iliyoacha baadhi ya nyumba gizani kwa zaidi ya wiki mbili.

Familia ile ilishusha magodoro sebuleni. Bibi akaweka sufuria ya maharage juu ya jiko, akaegemea kiti. Mtoto mkubwa akamuuliza kama Nyarugusu nako walikuwa wakilala hivi, wote chumba kimoja.

“Wote,” bibi akajibu. “Ila moto tuliuacha nje.”