Juma: Jina Moja, Maana Nyingi

Msafiri atokaye Tabora kuelekea kusini hupita misitu ya miombo yenye mizinga ya nyuki hadi afike Sikonge. Hapo jina la Juma husikika kila upande: ni la mkulima wa tumbaku, la mrina asali na la mwanafunzi. Si Waislamu pekee walitumiao. Katika mji huu wenye kanisa kongwe la Moraviani, wapo Wakristo waliolirithi kwa babu zao.

Majina ya namna hii yaliingia bara pamoja na misafara ya karne ya 19, ambayo Tabora ilikuwa kituo chake kikuu. Asili ya Juma ni neno la Kiarabu lenye maana ya kukusanyika. Mzizi huo ndio uliozaa jamaa, jamii na jumuiya. Hata Ujamaa wa Azimio la Arusha la mwaka 1967 umechipuka hapo. Juma ni wiki pia. Asemaye Jumamosi au Jumapili, awe wa dini yoyote, anahesabu siku ya kwanza na ya pili baada ya Ijumaa.

Sura ya 62 ya Qur’ani, Al-Jumu’a, inawaamrisha waumini waache biashara waitwapo kwenye swala ya siku hiyo. Kazi ya tumbaku ni nyingi, na mara ngapi adhana hupita mashambani bila kuitikiwa! Basi mzazi amwitaye mwanawe Juma na amshike mkono ampeleke msikitini, asije akabeba jina la mkusanyiko asioujua.