Kipwa, mvula, na neno linalokosekana

Mtu wa Lubumbashi akisema kipwa, amesema mengi. Toka Mei hadi Septemba unaweza kuanika nguo, kufyatua matofali na kupanga harusi nje bila kutazama mawingu. Akisema mvula ni vilevile: toka Novemba hadi Machi, jembe na mwamvuli havikai mbali. Kwetu jina la majira ni ahadi.

Kule Gent, Ubelgiji, nilikokaa muhula mmoja nikisoma lugha za Kiafrika, ahadi ya namna hiyo haikuwepo. Siku moja ya Oktoba asubuhi ukungu ulifunika mifereji na baridi ilikuwa ya nyuzi 6. Saa sita mchana jua lilitoka, watu wakavua makoti. Kabla ya jioni ikanyesha mvua iliyosukumwa na upepo, dakika ishirini tu, kisha jua tena. Sababu yake inajulikana: Bahari ya Kaskazini iko karibu, na pepo za magharibi huleta mawingu ya Atlantiki, kundi baada ya kundi. Kwa mwaka mzima Gent hupata mvua kidogo kuliko Lubumbashi. Ila yetu hushuka karibu yote katika miezi mitano hivi, na yao imegawanywa katika miezi yote kumi na miwili.

Hata miti ilizungumza lugha nyingine. Katika miombo yetu, majani machanga huchipuka mekundu Septemba na Oktoba, kabla ya mvua ya kwanza. Wekundu ni kuzaliwa. Kule majani mekundu ni yale yanayojiandaa kuanguka.

Wakati huo mama akanipigia simu. Mdogo wangu wa kike alitarajiwa kuja kusoma Gent Oktoba iliyofuata, na mama alikuwa na feza ya vazi moja tu.

"Papa, kule iko kipwa ao mvula?"

Alitaka neno moja ili aende sokoni. Vitabu vya kufasiri vilinipa vuli. Lakini kwenye pwani ya Kenya na Tanzania, vuli ni mvua fupi za Oktoba hadi Desemba. Mkulima akiisikia anatayarisha mbegu. Wengine husema majira ya pukutizi, kwa kuwa majani hupukutika. Neno hilo linautosha mti, ila halimsaidii anayenunua koti. Wenyeji wa Gent husema herfst, neno la ukoo mmoja na lile la Kiingereza la mavuno. Basi nalo lilikuwa ahadi zamani, kwa mkulima wa pale, si kwa mwanafunzi anayeshuka kwenye treni.

"Mama, kule iko byote, siku moya."

Akanyamaza kidogo. "Basi nimuuzie nini?"

Nikamwambia: koti jepesi lisilopitisha maji, pana la kutosha kuvaliwa juu ya sweta mbili, ili avae na kuvua mchana kutwa. Mama akarudia maneno yote hayo polepole, kama mtu anayeyaandika.

Darasani tunafundishwa kutafuta kisawe: neno kwa neno, jina kwa jina. Ni kazi nzuri. Lakini siku ile maelezo marefu ndiyo yaliyofaa. Kisawe kingemlowesha mdogo wangu.